Siku moja na koi wenye minyoo ya matamvua

Saa 12 asubuhi nishashuka tuktuk Nyali. Nimewahi makusudi, manake alfajiri ndo oksijeni majini iko chini kabisa, samaki mwenye shida ya kupumua hajifichi saa hiyo. Na kweli, koi, samaki wa mapambo, wa mama mmoja mteja wangu, wote midomo juu wanatwetea, mmoja ajisugua ubavu kwenye jiwe, mwengine ashakufa usiku.

Mahamri na mbaazi na soja wa geti, bas.

Saa 2 natoa maikroskopu. Yule aliyekufa matamvua, pale samaki anapopumulia, yamepauka na ute umejaa, nakata kipande kidogo naweka kwenye kioo na tone la maji ya bwawa. Hao hapo! Minyoo bapa, macho manne meusi kichwani na kulabu nyuma zimejishika kwenye nyama. Daktilogirusi. Ningeona asiye na macho, na mtoto tumboni ashaota kulabu zake, huyo ni jairodaktilasi, yeye huzaa na hupenda zaidi ngozi. Lakini huyu wa leo hutaga mayai, na hapo ndo kesi ilipo.

Saa 4 mama atoka na kikombe cha chai.

"Mwanangu, dawa si ulitia wiki iliyopita?"

"Nilitia mama, lakini dawa huua minyoo, mayai haiyadhuru. Na kwa maji yetu haya ya moto mayai huanguliwa siku 2 mpaka 4 hivi."

"Basi tia nyingi leo tumalize."

Haimaliziki hivyo wallahi, hata utie ndoo. Kumbe pia aliletewa koi wapya akawatia siku hiyo hiyo, hakuna karantini wala nini. Nikanyamaza, mama mtu mzima.

Saa 5 natoa makaa kwenye chujio yasifyonze dawa, napima maji, natia prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto wa kichocho, pampu ya hewa nikaiwacha inguruma. Kuna anayeshauri dawa ya fomalini. Jua hili? Fomalini hupunguza oksijeni, na hawa washaishiwa pumzi.

Mchana Bamburi, bwawa lengine, salama.

Saa 11 jioni nyavu na ndoo zote naosha naanika mpaka zikauke, nisije nikambebea mteja wa kesho mayai. Simu yalia, mama.

"Wanakula!"

"Alhamdulillahi mama. Ijumaa narudi kutia tena."

"Tena?"