Panya nyumbani na kwenye gari la kuishi: kazi iko kwenye matundu

Watu wengi wakiona kinyesi cha panya kabatini hukimbilia mtego au sumu. Vyote viwili vinapunguza panya waliomo, lakini havimzuii wa kesho. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi. Penye kupita penseli, hesabu kwamba na yeye anapita. Jike hubeba mimba siku 19 hadi 21, huzaa watoto 5 hadi 8 kwa kawaida, na watoto hao wanaweza kuanza kuzaa wakiwa na wiki 6 hivi. Ukinasa 2 kwa wiki huku tundu liko wazi, unashindana na hesabu usiyoiweza.

Kwanza hakikisha ni panya yupi. Kinyesi cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6, kimechongoka nchani kama punje ya mchele. Kikifika milimita 12 na zaidi, huyo ni panya mkubwa, na mbinu zinabadilika: panya mkubwa hukiogopa kitu kipya kwa siku kadhaa, ilhali mdogo ni mdadisi na huenda kukichunguza usiku uleule. Kisha tafuta njia zake. Nyunyiza unga mwembamba wa ngano sakafuni jioni, kando ya ukuta, nyuma ya jiko na chini ya sinki, na asubuhi usome nyayo. Panya mdogo kwa kawaida hatembei mbali na kiota, mara nyingi mita 3 hadi 10 tu. Kwa hiyo penye kinyesi kingi, kiota hakiko mbali.

Nyumbani matundu yako palepale siku zote: bomba la maji linapoingia ukutani chini ya sinki, bomba la gesi, nyaya za umeme, ukingo wa chini wa mlango, na pale ukuta unapokutana na paa. Povu la kuziba likitumiwa peke yake ni kazi bure, maana meno ya mbele ya panya hayaachi kukua na povu analiguguna kwa usiku mmoja. Shindilia kwanza nyuzi za chuma kisichoshika kutu, za aina ile ya kusugulia masufuria, kisha funika kwa saruji au silikoni ili asizivute nje. Tundu kubwa la kupitisha hewa lifunike kwa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Chini ya mlango weka ubao au kipande cha bati. Mpira mtupu huliwa.

Gari la kuishi, yaani lenye kitanda na jiko ndani, ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu fundi aliyelitengeneza alitoboa sakafu mara nyingi: bomba la maji machafu, bomba la gesi, nyaya za taa za nyuma, waya wa umeme wa nje, hita. Tundu la bomba la milimita 25 mara nyingi hutobolewa kwa milimita 35, na hiyo nafasi iliyobaki ndiyo mlango. Usiku, mtu mmoja alale chini na tochi kali amulike uvungu wote polepole, mwingine akae ndani gizani, makabati na droo vikiwa wazi. Kila panapopenya mwanga patiwe alama ya chaki. Msisahau nyuma ya friji, ndani ya sanduku la betri, juu ya matairi, na pale sehemu ya dereva inapoungana na chumba.

Hapa kuna kosa la hatari. Magari haya yana matundu ya makusudi sakafuni, karibu na mitungi na vifaa vya gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutokea hapo. Ukiyaziba, gesi inabaki ndani mnamolala. Yawekee wavu, hewa iendelee kupita. Vivyo hivyo grili ya friji. Bomba la moshi la hita usiliguse kabisa bila maelekezo ya mtengenezaji. Tahadhari nyingine: nyuzi laini za chuma zisikaribie betri wala viungio vya umeme, kwa sababu zikigusa ncha mbili za betri zinawaka moto. Karibu na nyaya, tumia kipande cha bati kilichofungwa kwa skrubu na silikoni pembeni. Na kwa kuwa gari hutikisika, nyuzi zilizoshindiliwa bila gundi juu yake hudondoka njiani, kwa hiyo kagua kila baada ya safari ndefu.

Gari likiwa limeegeshwa wiki kadhaa, fungua boneti na kifuniko cha filta ya hewa kabla ya kuwasha injini. Filta ni kavu, laini na imefichika, kwa hiyo panya hujenga humo. Angalia pia filta ya hewa ya ndani. Ukiwasha feni kiota kikiwa ndani ya mrija, matambara na mkojo vinasambaa hadi mwisho wa mrija, na harufu yake haitoki mpaka mrija ufunguliwe.

Sasa mitego. Ya springi inatosha, ila iwe mingi: jiko la kawaida linahitaji 6, si 1. Ulaze mtego sakafuni ukifanya pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, mita 2 au 3 kutoka mtego hadi mwingine. Siagi ya karanga kiasi cha punje ya njegere inatosha. Ukijaza, analamba pembeni bila kugusa kifyatuo. Jike anayetafuta vitu vya kiota huvutwa pia na uzi wa pamba uliofungwa kwenye kifyatuo. Tega kabla ya kuziba, na uendelee kutega ukishaziba, la sivyo waliobaki ndani watafia ukutani. Mtego wa gundi siupendi hata kidogo: mnyama hufa taratibu kwa mateso, naye hukojoa na kunya hapohapo kwa woga.

Sumu ndani ya gari sishauri kamwe. Nyingi huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa, tena mara nyingi mahali usipoweza kufika bila kubomoa fanicha. Paka au bundi akila panya huyo naye hudhurika. Mafuta ya mnanaa, dawa ya nondo na vifaa vya kupiga sauti isiyosikika na binadamu havifungi tundu. Panya mwenye njaa huvizoea.

Usafi una utaratibu wake, nao ni wa lazima, kwa kuwa kinyesi na mkojo wa panya vinaweza kubeba vijidudu vya magonjwa kama salmonela, leptospira na, sehemu nyingine, virusi vya hanta. Usifagie kinyesi kikavu wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi, kwani vumbi lake ndilo unalolivuta. Fungua milango na madirisha dakika 30, vaa glavu, changanya kipimo 1 cha dawa ya klorini na vipimo 9 vya maji, nyunyizia mpaka pawe chepechepe, ngoja dakika 5, kisha ufute kwa karatasi na kuitupa kwenye mfuko uliofungwa. Usiichanganye klorini na sabuni nyingine yoyote. Panya aliyenaswa naye anyunyiziwe hivyohivyo kabla ya kumtoa.

Ukimaliza kuziba, rudisha unga sakafuni kwa usiku 7, ukiacha mitego imetegwa. Nyayo zikionekana usiku wa tatu au wa nne, usiongeze mitego. Shika tochi urudi uvunguni, kuna tundu uliloliruka.