Anayeishia Ngazi ya Nne

Kikao chetu cha kwanza cha kuandika upya mtaala wa TEHAMA kilianza vibaya, na kosa lilikuwa letu sote. Tulibandika ukutani masomo ya mhitimu wa shahada, kisha tukaanza kuyakata vipande: vigumu vikabaki juu, vyepesi vikashushwa, na masalia, yaani historia ya kompyuta, vizazi vyake na tofauti ya maunzi na programu, yakawa mwaka wa kwanza. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Ila mtu alipouliza mwenye cheti cha mwaka huo atamsaidiaje mteja aliyeleta kompyuta isiyowaka, tulitazamana.

Kwa wasioufahamu mfumo wetu wa Tanzania, vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, hupandisha wanafunzi kwa ngazi za NTA, yaani tuzo za kitaifa za ufundi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini huanzia ngazi ya 4, Astashahada ya Awali, ambayo ni ya mwaka mmoja. Hufuata ngazi ya 5, Astashahada, kisha ya 6, Stashahada, na anayeendelea hupanda ya 7 hadi ya 8, iliko shahada. Kwa kuwa kila ngazi kati ya hizo tatu za mwanzo ina cheti chake, mwanafunzi anaweza kushuka kituo chochote, na wapo wanaoshuka mapema kwa sababu ya ada wala si kwa kushindwa masomo. Ndiyo maana nilishikilia jambo ambalo wenzangu waliliona ukaidi, kwamba kila ngazi iandikwe kana kwamba mwanafunzi ataishia hapo hapo.

Nilikuwa na sababu yangu. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, mtihani wa vitendo ulifanyika kwa kalamu. Swali lilisema: "Eleza hatua za kubadilisha RAM", alama 10. Binti mmoja alizipata zote 10. Wiki iliyofuata nilimkabidhi bisibisi na kompyuta ya mezani, akasita, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nichomoe umeme kwanza?" Katika karatasi yake hiyo ilikuwa hatua namba moja.

Basi tukauacha ukuta, tukaenda kwenye steshenari na vibanda vya mafundi vilivyo nje ya geti la chuo, tukauliza watu huleta nini. Majibu yalifanana mno: printa inayokwama karatasi, kompyuta iliyokuwa nzito, flashi yenye virusi, mafaili yaliyofutwa kwa bahati mbaya, na mteja anayetaka kupigiwa Windows bila kupoteza picha zake za harusi. Kila moja ya kazi hizo ikawa umahiri wa ngazi ya 4, unaopimwa kwa mikono huku saa ikitembea. Tuliongeza mambo mawili ambayo mafundi hawakuyataja. La kwanza ni kujaza kadi ya kazi kabla ya kufungua kifaa: kimefika na hali gani, kina mikwaruzo ipi, mwenyewe amelalamikia nini. La pili ni siri ya mteja, kwa sababu fundi huona mishahara, vyeti vya hospitali na picha za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika hilo si suala la adabu peke yake.

Ngazi ya 5 ilikuja kwa urahisi zaidi, maana ni kazi ya kuutunza mtandao wa ofisi ndogo: switchi, ruta, akaunti za watumiaji, na nakala rudufu ambazo mtu amejaribu kweli kuzirejesha. Hapo ndipo tulipozihamishia namba za jozi, zile za 0 na 1 ambazo anwani za mtandao hujengwa kwazo, zilizokuwa zikielea mwaka wa kwanza bila kazi yoyote. Mwanafunzi aliyeambiwa shule ina kompyuta 40 na zitaongezeka kidogo huona mwenyewe kwa nini subneti, yaani kipande cha mtandao, ya ukubwa wa /26, yenye anwani 62 za kutumika, inamtosha, na kwa nini ile ya /27 yenye 30 itamwaibisha. Kwa kuwa ruta zetu ni chache, mazoezi mengi yatafanyika kwanza ndani ya Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ambayo haitozwi fedha.

Ngazi ya 6 tuliigawa matawi mawili, mifumo na mitandao, kwa kufikiria zaidi hospitali ya wilaya inayotumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha shughuli za hospitali, ambako umeme ukikatika saa nne asubuhi foleni ya wagonjwa haimsubiri mtu asome mwongozo. Kuhusu kuandika programu tulibishana siku nzima. Mwenzangu mmoja, mzee wangu katika kazi hii, alitaka Python, lugha ya kuandikia programu, ianze muhula wa kwanza. Mimi naona mwenye mwaka mmoja wa masomo halipwi kwa Python. Tulikubaliana iingie ngazi ya 5 kwa dozi ndogo, na bado hajaniridhia.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nayo ilihitaji kuangaliwa upya. Tulikuwa tukiwapeleka vijana mwishoni kabisa, na wengi walirudi wakiwa mabingwa wa kutoa fotokopi, kwani ofisi iliyowapokea haikujua wanaweza nini. Sasa kila ngazi ina fildi yake, na daftari la mwanafunzi linaorodhesha kazi zenyewe. Msimamizi anasaini aliyoishuhudia kwa macho, si jumla ya wiki.

Kilichobaki ni vifaa, na hapo ndipo mhasibu alipoingia. Boksi moja la waya wa mtandao lina mita 305. Nilipanga kila mwanafunzi wa ngazi ya 4 apate mita 2, abane ncha zote mbili kwa mpangilio mmoja wa rangi za nyaya za ndani, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, kisha aweke kipimaji na kuona taa 8 zikiwaka kwa zamu pande zote mbili. Taa ikiruka, anakata anarudia. Mhasibu alilipitisha boksi bila neno. Alipofika kwenye vichwa vya RJ45, vile vinavyobanwa kwenye ncha za waya, akaweka kalamu chini na kuuliza kwa nini mwanafunzi mmoja apewe vichwa 10 ilhali waya una ncha mbili. Nikamjibu kuwa vinane ni vya kuharibu. Alinitazama kidogo, kisha akasaini.