Nimeshiba, mwanangu

Tangu Jumapili neno moja la Mama Mkubwa halijanitoka. Alikuja chumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, akitokea Ujiji, nikampikia samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Najitahidi kupika tangu niape kuachana na chipsi za usiku. Akamega tonge tatu, akanawa.

"Nimeshiba, mwanangu."

Mama Mkubwa hashibi kwa tonge tatu. Nikambana. Akalitazama bakuli, akasema taratibu, "Mawese hayajaiva."

Nimelirudia darasani, bafuni, kwenye bajaji. Wiki hii matokeo ya semesta yametoka, nimefaulu yote, na Kaka hatimaye kaposa, lakini mimi bado niko kwenye bakuli lile. Samaki nilimchagua mwenyewe asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi, matamvua mekundu, macho yanang'aa. Na mawese sikuyaharakisha kwa uvivu. Tulifundishwa kwamba wekundu wake ni karotini, ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali unaiharibu. Kwa hiyo niliyapasha tu, nikatia kitunguu.

Jana nikashindwa kuvumilia, nikampigia. Nikamwaga yote ya karotini. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakwambia uyaunguze? Nimesema yaive."

"Kwani tofauti yake nini, Mama?"

"Yakiiva, harufu inageuka. Yakiungua, rangi inakimbia. Wewe nusa."

Nikanyamaza. Kumbe hakuwa ananipinga hata kidogo.

Leo jioni nikanunua dagaa fungu moja. Siku hizi mbalamwezi hakuna, wavuvi wanapata. Nikapunguza mkaa vipande viwili, nikasimama juu ya sufuria bila kushika simu. Mwanzoni ile harufu nzito ya ubichi, inayokaa kooni. Nikasubiri. Mara ikalegea, ikawa kama karanga zinazokaangwa, na rangi bado nyekundu vilevile! Hapohapo kitunguu, nyanya, kisha dagaa, na ndimu mwishoni. Nimekula na mchicha, nimelamba vidole, na kesho nampelekea Mama Mkubwa bakuli lake Ujiji.

Rafiki yangu Salma nimemwekea sahani, nimeifunika. Alisema atashuka na basi la mchana kutoka Kasulu. Sasa saa tatu usiku, simu yake haipatikani.