Kitabu cha rangi mbili kwa pleti 24: nyeusi na damu ya mzee

Nilitaka kuchapa kitabu kwa rangi mbili, nyeusi na damu ya mzee, na karibu kila niliyemuuliza hapa Tanga namna ya kuipata hiyo ya pili alinijibu vilevile: weka rangi nne tu za kawaida za uchapaji, damu ya mzee itatokea. Kwenye bango itatokea. Kitabu changu kilikuwa cha mashairi, A5, kurasa 64, maandishi ya pointi 10 na vichwa vya pointi 13. Damu ya mzee ya rangi nne hujengwa kwa nukta za samawati, majenta, njano na nyeusi zilizopandana, na karatasi ikisogea hata robo ya milimita, herufi ndogo inaota ukungu wa waridi upande mmoja na wa buluu upande wa pili. Wino uliochanganywa tayari na kupigwa kwa pleti yake, yaani bamba linalobeba picha ya wino huo peke yake, hauna nukta. Herufi inajaa, ukingo unakatika safi kama wa nyeusi. Hiyo ndiyo rangi maalumu, na kwa kitabu cha rangi mbili sioni sababu ya kuhangaika na njia nyingine.

Halafu kuna hesabu, ambayo washauri wangu hawakuigusa. Mashine niliyoipata Ngamiani ni Heidelberg GTO 52 ya rangi moja. Karatasi yake haizidi sentimita 36 kwa 52, kwa hiyo inabeba kurasa nne za A5 kila upande. Kurasa 64 ni karatasi nane, pande 16. Rangi nne zingetaka pleti 64 na kila upande kupita mashineni mara nne. Rangi mbili ni pleti 32. Mimi nimetumia 24, na hapa nitaeleza taratibu kwa sababu ndipo hela ilipookolewa.

Karatasi ya kurasa nane ikikunjwa mara mbili, upande mmoja hubeba ukurasa wa 1, 4, 5 na 8, na upande wa pili 2, 3, 6 na 7. Rangi ya pili ikikaa kwenye 1, 4, 5 na 8 peke yake, upande wa pili unapigwa nyeusi tu. Kanuni yake ni nyepesi: gawanya namba ya ukurasa kwa 4; ikibaki 1 au isibaki kitu, ukurasa huo unaruhusiwa rangi. Inafanya kazi kwenye vikunjo vinavyofuatana na kushonwa, na pia kwenye kitabu cha kubana stepla katikati, mradi idadi ya kurasa igawanyike kwa 8 na hesabu ianze na ukurasa wa kwanza kabisa wa ndani, si pale namba zilipochapwa. Nikaiweka damu ya mzee kwenye kichwa cha shairi na herufi kubwa ya mwanzo, basi. Namba za beti zikabaki nyeusi. Kilichobaki ni kupanga mashairi kwa urefu wake. La kurasa tatu linaanza ukurasa wa 1, la ukurasa mmoja linakaa wa 4, la tatu tena linaanza wa 5, la moja wa 8. Utenzi wa kurasa nne huingia popote bila kuvuruga zinazofuata. Shairi la kurasa mbili ndilo kaidi: nililianzisha ukurasa wa 1, na wa 3 nikaupa ufafanuzi wa maneno magumu kwa nyeusi. Msomaji anaona mpangilio mzuri tu. Mchapaji anaona pleti nane zimepungua.

Kwenye programu ya kupanga kurasa nimetumia Scribus, ya bure. Rangi mpya unaipa jina, unatia tiki kwenye kisanduku cha Spot Color (rangi maalumu), na vipimo vya CMYK, yaani zile rangi nne, unavyoandika hapo ni vya kuonyesha kwenye skrini tu. Wino halisi utatoka kwenye kopo, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukitafuta skrini ifanane. Jina ndilo lenye uzito. “Damu ya Mzee” na “damu ya mzee” ni pleti mbili tofauti. Vivyo hivyo kwa Pantone, mfumo wa kuzipa rangi za wino namba: PANTONE 188 C kwenye maandishi na PANTONE 188 U kwenye nembo uliyoletewa. Na wale wanaosema kazi hii imekuwa ngumu tangu Adobe ilipoondoa sehemu kubwa ya orodha za Pantone kwenye programu zake mnamo Novemba 2022 wanatisha watu bure. Orodha ilikuwa inakupa jina na mwonekano wa skrini. Jina unaweza kuliandika mwenyewe, na kipande cha rangi kwenye karatasi unampa mchapaji mkononi.

Maua ya pambizoni ndiyo yanayoleta pleti za wizi. Ua lililochorwa kwa Inkscape, programu ya kuchora, huja na rangi za RGB, yaani za skrini, na Scribus huziandika kwa majina kama FromSVG#000000. Ni nyeusi kwa macho, lakini ikitenganishwa inatawanyika kwenye wino zote nne. Dawa yake ni kwenye dirisha la rangi: futa hiyo FromSVG, programu itakuuliza uweke nini badala yake, chagua Black, au damu ya mzee kama ua ni la rangi. Rich Black, Warm Black na Cool Black zifute pia. Registration usiiguse kwa maandishi. Hiyo hutokea kwenye kila pleti.

Ukitaka kisanduku hafifu nyuma ya maandishi, punguza kiwango cha rangi hadi asilimia 20, usitumie uwazi (transparency), kwa maana uwazi ukibanwa wakati wa kutoa PDF unaweza kuigeuza rangi maalumu kuwa CMYK. Chini ya asilimia 10 mashine ndogo huimeza. Maandishi meusi juu ya kisanduku hicho yaamuru yapige juu ya rangi bila kuitoboa, la sivyo karatasi ikisogea utaona uzi mweupe kuzunguka herufi.

Wakati wa kutoa PDF kwa ajili ya uchapaji, hakikisha amri ya kugeuza rangi maalumu kuwa CMYK haina tiki. Kisha usiamini skrini. Ghostscript, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, inatenganisha kila ukurasa wino kwa wino kwa mstari mmoja:

gs -o uk%03d.tif -sDEVICE=tiffsep -r72 kitabu.pdf

Kila ukurasa unatoa faili la kila wino, jina la wino likiwa kwenye mabano. Mafaili ya Cyan, Magenta na Yellow lazima yawe meupe kabisa. Likitokea jina la wino usilolijua, kuna nembo au ua halijasafishwa. Nilipitia pia kurasa za 2, 3, 6, 7 na wenzao kuhakikisha faili la damu ya mzee ni tupu.

Kwa mchapaji, mambo mawili hayana mjadala. Wino apime kwa mizani, achanganye wa kazi nzima mara moja, na aupake kidogo kwenye karatasi ileile ya kitabu kabla ya kufunga pleti. Karatasi isiyong'aa hunywa wino na rangi hupoa. La pili ni unyevu wa pwani. Karatasi iliyofunguliwa na kulala wazi hunywa hewa ya bahari na kutanuka, hasa kukata uelekeo wa nyuzi zake, na rangi ya pili haikai tena pale ilipopangwa. Rimu zifunguliwe mashine ikiwa tayari, na zikishapigwa rangi ya kwanza zifunikwe kwa nailoni hadi ya pili. Nami sikuweka popote nyeusi na damu ya mzee zikigusana ukingo kwa ukingo, kwa hiyo milimita nusu ikihama hakuna wa kuiona.

Karatasi ya majaribio ya wino niliikata vipande viwili. Kimoja kimebaki na mchapaji, kingine nimekitia ndani ya bahasha nyeusi, mbali na jua, nyuma yake nimeandika uzito wa kila wino uliotiwa, kwa ajili ya toleo la pili.