Kutoka Kaburi la Spencer hadi Cromwell Avenue

Kutoka kituo cha Archway, kaskazini mwa London, njia ni ya mlima mtupu. Nilikata kupitia bustani ya Waterlow, nikalipa kiingilio kwenye lango la makaburi ya Highgate, upande wa mashariki. Wageni wengi walikwenda moja kwa moja kwenye sanamu kubwa ya kichwa cha Karl Marx. Mimi niliwapa kisogo, kwa kuwa niliyemfuata amelazwa ng'ambo ya kijia: Herbert Spencer, mwanafalsafa wa Kiingereza. Kaburi lake ni la kawaida, wala hapakuwa na mtu mwingine aliyesimama pale.

Spencer alizaliwa Derby mwaka 1820, akafanya kazi ya uhandisi wa reli, kisha uhariri, bila kupita chuo kikuu. Yeye ndiye aliyeieleza jamii kama kiumbe hai kinachokua na kugawana kazi. Mwaka 1864 akatoa usemi uliozunguka dunia, kwamba anayeendana zaidi na mazingira ndiye anayesalimika.

Kwetu Waafrika usemi huo uliumiza. Wakoloni waliutumia kuhalalisha unyang'anyi, na Spencer mwenyewe alizipanga jamii kwa madaraja, akituweka chini kwa kutegemea maandishi ya wasafiri na wamisionari. Hilo simsamehe. Hata hivyo, mtu huyohuyo alichukia ubeberu. Alipinga vita vya Uingereza dhidi ya Makaburu, na mwaka 1902, mwaka mmoja kabla ya kufa, aliandika kwamba taifa linalotawala wengine kwa nguvu hujitia lenyewe utumwani.

Kuna aliyemsoma upande huo. Kwenye mazishi yake, Desemba 1903, Shyamji Krishnavarma alitangaza kutoa pauni 1,000 ili Chuo Kikuu cha Oxford kianzishe mihadhara kwa jina la Spencer. Huyu ni mzaliwa wa Mandvi, bandari ya Kachi, magharibi mwa India, ambayo majahazi yake yalishuka Zanzibar na Mombasa kwa pepo za kaskazi. Mwaka 1905 alianzisha gazeti la kudai uhuru wa India, akaliita The Indian Sociologist. Juu ya ukurasa wake wa kwanza aliweka maneno ya Spencer: kupinga uchokozi si haki tu, bali ni wajibu.

Basi nikaupanda tena mlima, nikatafuta namba 65 Cromwell Avenue, si mbali na makaburini. Hapo Krishnavarma alifungua India House, bweni la wanafunzi wa Kihindi, Julai 1905. Ni nyumba ya matofali, ya watu binafsi, kwa hiyo niliitazama nikiwa barabarani. Ukutani pana kibao cha kumkumbuka Savarkar, mpigania uhuru wa India aliyewahi kuishi humo. Krishnavarma, aliyeifungua nyumba hiyo kwa fedha zake, naye anastahili kibao, na jina la Spencer litajwe ndani yake.