Kuvuka Mtaa wa Ledra

Mtaa wa Ledra mjini Nicosia, mji mkuu wa Kupro uliogawanyika kati ya Wagiriki wa kusini na Waturuki wa kaskazini, una maduka ya viatu, aiskrimu na simu, na watalii wanaotembea bila haraka. Ghafla unakutana na kibanda cha polisi. Askari alifunua pasi yangu, akaiangalia kidogo, akanirudishia. Hatua chache mbele, za eneo linalolindwa na Umoja wa Mataifa, kuna kibanda cha pili cha watu wengine kabisa. Vichochoro vya pembeni vimezibwa kwa mapipa na magunia ya mchanga, na magugu yanaota ndani ya maduka yasiyofunguliwa tangu 1974.

Huku Kupro, kilichonishangaza zaidi ni bendera. Kusini, kanisani na shuleni, inapepea ya Ugiriki. Kaskazini ni ya Uturuki, tena kuna bendera kubwa iliyochorwa ubavuni mwa mlima wa Pentadaktylos, inayowashwa taa usiku ili walio kusini waione vizuri. Bendera ya Kupro yenyewe, nyeupe yenye ramani ya rangi ya shaba na matawi ya mzeituni, ilibuniwa 1960 bila buluu ya Ugiriki wala nyekundu ya Uturuki ili isimuudhi mtu. Kweli haikumuudhi mtu, na sidhani kama kuna aliyewahi kuipenda sana.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha ugomvi wao: kila upande uliipenda nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Mwaka 1950 kanisa liliitisha kura, na karibu Wagiriki wote wa kisiwa waliopiga kura wakataka kuungana na Ugiriki. Waturuki wakajibu kwamba basi kisiwa kigawanywe. EOKA, wapiganaji wa Kigiriki waliotaka muungano huo, walipoanza vita mwaka 1955, Waingereza waliokitawala kisiwa waliajiri polisi wengi wa Kituruki wapambane nao, mchezo ambao Mkenya hahitaji kuelezwa. Uhuru wa 1960 ukaja bila kudaiwa na yeyote. Damu ilipomwagika Desemba 1963, jenerali mmoja Mwingereza alichukua penseli ya kijani akapiga mstari kwenye ramani kuzitenganisha pande hizo mbili.

Sisi wa Nairobi tunalijua jina la Askofu Mkuu Makarios, rais wa kwanza wa Kupro, kwa sababu ya seminari ya Riruta. Wimbi la kuungana na Ugiriki ndilo lililompandisha, na alipoanza kuligeuzia kisogo, wenye msimamo mkali wakishirikiana na wanajeshi waliotawala Athens wakampindua tarehe 15 Julai 1974. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka pwani ya kaskazini. Orodha ya waliopotea katika machafuko ya miaka hiyo ina majina 2,002, Wagiriki kwa Waturuki, na mifupa bado inafukuliwa.

Ajabu ni kwamba mabomba ya maji taka hayakugawanywa. Mameya wa pande mbili, Lellos Demetriades na Mustafa Akıncı, walikubaliana kuhusu hilo wakati viongozi wao wakuu hawaelewani kwa lolote.

Kaskazini, kwenye ua wa Büyük Han, nyumba ya zamani ya wageni, nilisikia Kiswahili cha Mombasa. Kijana alikuwa mwanafunzi wa chuo.

"Ndugu yangu, watoka kule? Kukoje?"

Yeye aliingia kwa ndege kupitia Istanbul, na serikali ya kusini huhesabu kuwa hiyo si njia halali. Anaishi mwendo mfupi tu kutoka kibandani, lakini hajawahi kuvuka. Akaniuliza viatu vya Ledra vinauzwaje.

"Ghali," nikamwambia.

"Ah, basi na wakae navyo."