Maneno matatu yaliyonirithisha stoo ya nyavu Kitangiri

Nyumba yangu ya Kitangiri, katika Manispaa ya Ilemela, niliinunua mwezi Februari mwaka 2024 kwa mzee aliyekuwa tajiri wa mitumbwi, ambaye miguu ilipomchoka aliamua kurudi kwao Ukerewe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka 19 nilikuwa mpangaji, kwa hiyo siku ya kusaini mkataba wa mauziano katika ofisi ya serikali ya mtaa sikuwa na macho ya kusoma kila neno. Baada ya maelezo ya kiwanja na mipaka yake, dalali alishauri yaongezwe maneno matatu: "na vyote vilivyomo". Aliyataja kwa sauti ya mtu anayenipa zawadi, na mimi niliyapokea hivyo hivyo, nikiwaza milango, madirisha na tanki la maji lililokuwa juu ya mnara wake wa zege.

Zawadi ya kwanza ilinifikia siku niliponunua umeme. Uniti zilikuja pungufu, na kwa muda mfupi niliamini kwamba nimeibiwa, hadi nilipokumbuka kuwa kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, na kwamba kwa nyumba ya kawaida imekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ilikaa bila mtu miezi 7, kwa hiyo shilingi 10,500 zilikuwa zikinisubiri. Ya pili ilikuwa deni la maji la shilingi 146,000. Nilimpigia mzee simu, naye akanijibu kwa utulivu, "Mwalimu, deni nalo si limo humo humo?" Alicheka, nami nikacheka kwa shingo upande, lakini jioni ile alinitumia nusu ya fedha hizo. Sina kinyongo naye kwa hilo. Kosa lilikuwa langu kwa kutodai stakabadhi ya mwisho ya maji kabla ya kulipa.

Jambo lililoninyima usingizi lilikuwa stoo ya tofali nyuma ya nyumba, ambayo kufuli yake ilikuwa imeshika kutu na ufunguo wake haukuwamo katika fungu nililokabidhiwa. Shemeji yangu alitaka tuivunje siku ya kwanza. Nilikataa, nikamwita balozi wetu wa nyumba kumi pamoja na jirani mmoja, na tukaifungua mbele yao, huku mwanangu akiandika kila kitu katika daftari la shule. Katika shughuli nzima, huo ndio uamuzi ninaojivunia kuliko yote, kwa maana bila mashahidi wale nisingeweza kueleza baadaye tulichokikuta.

Tulikuta makasia sita, maboya ya vipande vya ndala vilivyotungwa kwenye kamba, taa za karabai 12 zisizo na vioo, ambazo zamani wavuvi wa dagaa walizitumia kabla ya taa za sola kuingia ziwani, kichwa cha injini ya boti, nyavu za dagaa zilizotobolewa na panya, na kwenye kona jiwe la kusagia lililofunikwa gunia. Chini ya vyote hivyo yalikuwapo magunia manne yaliyoshonwa midomo. Kijana wa jirani, ambaye hushinda mwaloni Kirumba, wanakoshushia samaki, alipapasa gunia moja kwa vidole, akarudi nyuma hatua moja na kusema, "Mama, hili ni kokoro."

Kwa wasiokaa kando ya ziwa, kokoro ni wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini kuelekea nchi kavu, nao huzoa kila kitu, pamoja na mayai na vifaranga vya sato katika mazalia yao. Ni zana haramu chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, na kukutwa nalo nyumbani ni kesi hata kama mwenye nyumba hajawahi kupanda mtumbwi. Nami, kwa saini yangu mwenyewe, nilikuwa nimenunua vyote vilivyomo. Ushauri uliotolewa pale uani ulikuwa wa kulichoma usiku, lakini moshi wa nailoni ungeamsha mtaa mzima, na mtu anayechoma kitu usiku huonekana kuwa na cha kuficha.

Kesho yake nilikwenda kwa wakili. Alinifafanulia kwamba Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inapotaja ardhi inajumuisha majengo na vitu vilivyoshikizwa humo kwa kudumu, pamoja na vinavyoota juu yake, kwa hiyo mwembe, madirisha na tanki lile vingekuwa vyangu hata kama mkataba usingevitaja. Kazi pekee ya maneno yale matatu ilikuwa kunivutia vitu ambavyo, bila hayo, vingebaki kuwa vya mwenyewe. Nililipa shilingi 50,000 kwa maelezo hayo na siwezi kusema zilikuwa nyingi. Alinishauri tuandike makubaliano ya nyongeza, yenye orodha ya vinavyobaki, vinavyorudi kwa muuzaji na vile ambavyo pande zote mbili zinavikataa, yasainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Ilibidi kusubiri karibu wiki mbili, kwa sababu watoto wa mzee wanavua dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazivuti kitu, na hapo ndipo wavuvi hupata nafasi ya kushughulikia mambo ya nchi kavu. Walikuja na meli ya Nansio, vijana wawili pamoja na mama yao. Kuhusu kokoro, kijana mkubwa alimpigia baba yake simu mbele ya mwenyekiti, na mzee akaeleza kwamba magunia yale yaliwekwa na nahodha wake wa zamani aliyeomba kuyahifadhi kwa siku tatu, akaondoka na asirudi. Kumbe naye alikuwa ameachiwa. Tuliyakabidhi kwa afisa uvuvi kwa barua niliyoiandika mwenyewe, ikasainiwa na mwenyekiti na kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa fukwe, ambacho watu wa mwaloni hukiita BMU. Nakala yake naihifadhi katika bahasha moja na hati ya nyumba.

Vijana walichukua injini, makasia na karabai, wakaniachia nyavu mbovu, ambazo sasa zinazuia kuku wasiingie kwenye mchicha. Mama yao alikuwa amekaa kimya muda wote kwenye kiti cha uani. Orodha ilipofika kwenye jiwe la kusagia niliona ameinua uso, nikamuuliza kama ni lake. Alisema ni la mama mkwe wake, na kwamba analo tangu alipoolewa. Yeye ndiye aliyesaini ridhaa ya mke wakati wa mauzo, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka kwa nyumba ya familia, kwa hiyo nilimuuliza kwa nini hakulitaja siku ile.

"Mwanangu, yalisomwa maneno," alijibu. "Nikasikia vyote. Nikajua na jiwe limo."

Tulilihamishia kwenye safu ya vinavyorudi kabla ya kitu kingine chochote, na vijana wakalibeba kwa zamu kuteremka mlima hadi barabarani, maana bodaboda hafiki kwetu, njia ni mawe matupu. Bibi alibaki nyuma kuniaga. Alizunguka nyumba polepole, akagusa mwembe, kisha akaona mashimo mawili aliyochimba fundi wangu akitafuta mfuniko wa shimo la choo, ambapo mara zote mbili sururu iligonga mwamba. Akaniuliza nilikuwa nikitafuta nini. Nilipomweleza, alinyoosha mkongojo wake kuelekea banda la kuku.

"Chini ya hilo banda," alisema. "Tulilijenga juu yake kwa kuwa ndipo palipokuwa sawasawa."

Nilichukua kipande cha mkaa jikoni nikachora alama ukutani, na Jumamosi iliyofuata tukahamisha kuku.